Dhahabu ya Chumba cha Gavana

"Mwizi tunaye, afande. Kazi yenu ni kumchukua tu."

Hivyo ndivyo Bwana Pius, meneja wa Hoteli ya Marikani, alivyompokea Inspekta Severa asubuhi ile ya Ijumaa. Salamu hakuna. Alikuwa ndani ya suti ya kijivu, kitambaa cha kufutia jasho mkononi, ingawa ukumbi wa mapokezi ulikuwa na ubaridi wa kuhifadhia samaki.

"Habari za asubuhi, Bwana Pius."

"Nzuri. Samahani, afande. Nzuri."

"Huyo mwizi mmemkuta na nini?"

"Kukutwa na kitu, hapana. Ila vyumba vyetu vinafunguliwa kwa kadi, na mashine inaonyesha kadi iliyofungua chumba kile wakati kengele ya moto inalia ni ya kwake. Na wenye chumba nao wanasema ni yeye. Scholastika, mhudumu wa vyumba ghorofa ya pili. Tumemweka ofisi ya ulinzi."

Severa alitupa macho ukumbini. Marikani ni jengo la Wajerumani, kuta nene, ngazi ya mvule inayolia ukiikanyaga, mapangaboi ya shaba yanayozunguka taratibu kama hayana haraka na mtu. Maghorofa ya vioo yameizunguka pande zote, lakini mpaka leo mtu wa Dar akitaka kukuonyesha kwamba harusi yake si ya mchezo, atakwambia bibi harusi alitokea Marikani. Na akitaka kukumaliza kabisa, atakwambia alitokea Chumba cha Gavana.

Safari hii aliyepangiwa Chumba cha Gavana alikuwa Badria, binti wa Kariakoo, anayeolewa na Ismail wa Upanga. Ndoa ingefungwa msikitini baada ya laasiri. Mama wa bwana harusi, ambaye mjini wote wanamwita Mama Ismail, ndiye aliyelipia chumba na chakula. Na ndiye aliyetoa seti ya dhahabu ya ukoo wao, mkufu, bangili na hereni, ambayo kila mke anayeingia nyumba ile huivaa siku yake. Seti hiyo sasa haikuonekana.

"Mama Ismail ana habari?" aliuliza Severa.

"Bado. Anakuja baada ya swala ya Ijumaa kumvisha bibi harusi kwa mkono wake." Bwana Pius alifuta shingo. "Ningependa akifika nimwambie mtuhumiwa ameshapelekwa kituoni."

"Akiingia mahabusu leo Ijumaa, kupelekwa mahakamani ni Jumatatu."

"Hilo ni lake, afande."

Koplo Ridhiwani, aliyekuwa nyuma ya Severa akishangaa mapangaboi, alishusha macho. Ridhiwani ni mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Severa, mtu wa Songea, alikuwa amemchukua kwa sababu hiyo hiyo. "Twende juu kwanza," alisema Severa.

*

Mlango wa Chumba cha Gavana ulikuwa wazi, na udi ulikutana nao nje kwenye korido. Haukuwa ule udi wa kunusa ukapita. Huu ulikuwa umejazana chumbani mpaka mapazia yamebadilika rangi machoni.

Ndani walikaa wanawake wanane, wengine kwenye makochi, wengine chini kwenye zulia wamenyoosha miguu. Badria alikuwa ukingoni mwa kitanda, kajifunga kanga mbili, liwa imemkaukia usoni na kupasuka pale machozi yalipopita. Aliyekuja kuwapokea alikuwa Bi Mwanamkuu, somo wa bibi harusi, kungwi wake, mtu mzima wa mwili wake, dera la zambarau, ushungi begani.

"Shikamoo, bi," alisema Severa.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuletea mali yetu au umekuja kutuuliza maswali?"

"Kuuliza maswali."

"Haya. Kaa basi, maswali ya kusimama yanachosha."

Severa hakukaa. "Dhahabu mliiweka wapi?"

"Kwenye sefu. Ile ya kabatini."

"Nani aliifunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa namba gani?"

Bi Mwanamkuu aliangalia darini. "Namba nitaikumbukia wapi na roho yangu ilivyo, mwanangu?"

Severa alifungua kabati. Mlango wa sefu ulikuwa umeachama. Vitufe vya namba vilikuwa bado vimefunikwa na nailoni ya kiwandani, haijachubuliwa hata pembe, na ndani karatasi ya maelekezo ilikuwa imebandikwa kwa gundi palepale ilipobandikwa na waliouza. Kwa vile sefu ile ilivyokuwa, hakuna aliyewahi kuifunga tangu iletwe. Alirudishia mlango wa kabati.

"Kengele ilipolia mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunamfukiza bibi harusi. Meneja anasema udi wetu ndio ulioiita kengele. Atatulipisha."

Severa aliinua macho. Darini, katikati ya maua ya plasta, kile kidude cha kunusa moshi kilikuwa kimevalishwa kofia ya nailoni ya kuogea, ikakazwa kwa mpira wa nywele.

"Nani kakivisha kofia?"

Msichana mmoja chini alicheka, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Mimi," alisema Bi Mwanamkuu. "Kuna mwenzetu alifukizwa hoteli nyingine, maji yakamwagika kutoka darini, bibi harusi akalowa kama kuku. Sisi tukajihadhari."

"Basi kengele haikulia kwa ajili yenu."

"Tumeambiwa ni sisi, tukakubali. Mtu akiwa mgeni anakubali tu."

Severa alimtuma Ridhiwani kwa fundi wa hoteli. Kama kengele haikuanzia humu, huenda mtu aliiliza makusudi ili chumba kibaki kitupu, na hapo kesi ingekuwa nyingine kabisa. Wakati wa kumsubiri alizunguka chumba. Juu ya meza kubwa kulikuwa na masinia ya chai ya asubuhi ya hoteli: mayai, soseji, mikate ya maumbo tofauti, papai lililokatwa kama ua. Vyote vilikuwa vimepoa na havijaguswa.

"Hamjala."

"Huzuni," alisema Bi Mwanamkuu.

"Chai imeletwa kabla ya kengele. Wakati huo huzuni ilikuwa haijafika."

"Mabinti wa siku hizi hawali. Wanaogopa gauni kubana."

Severa aliwaangalia mabinti wenyewe. Wawili kati yao hakuna gauni waliloliogopa. Mama mmoja kwenye kochi alikuwa anachokoa meno na njiti, akaificha. Severa alipogeuka, alikanyaga kitu kigumu. Aliinama kama anafunga kiatu, akaokota karafuu moja na kijiti cha mdalasini. Alivitia mfukoni.

Kisha alikwenda mlangoni. Aliusukuma mlango hadi mwisho, akauachia. Ulikwama kwenye zulia nene, ukatulia palepale. Alirudia. Ukatulia tena.

"Mlipokimbia nani alifunga mlango huu?"

Walitazamana. Mmoja alisema alikuwa kamshika bibi harusi. Mwingine alikuwa na viatu vya bibi harusi. Bi Mwanamkuu mwenyewe alikuwa kakumbatia chetezo chenye makaa, kisije kikaunguza zulia la watu. Kuhusu mlango, hakuna aliyekumbuka.

"Ulijifunga wenyewe," alisema Bi Mwanamkuu.

"Mlango huu haujifungi, bi."

Ridhiwani alirudi. "Ni mgeni wa chumba cha tatu, afande. Mzee wa kizungu, kavuta sigara bafuni, akafungua maji ya moto eti yazime harufu. Mvuke na moshi vikapanda pamoja. Kakiri mwenyewe, na anaomba radhi kwa kila anayepita korido."

Kwa hiyo kengele haikupangwa na mtu. Severa alishukuru kwa muda wao, akatoka. Kwenye ngazi alisema kwa sauti ya chini, "Sefu haijawahi kutumika. Bi Mwanamkuu ananidanganya pale ilipokuwa dhahabu, na simwoni kama mtu aliyeiba. Lingine: Scholastika alitumia kadi, maana yake alikuta mlango umefungwa. Hawa wanawake waliuacha wazi. Kuna mtu alipita kabla yake."

"Na huo udi?"

"Huo udi una kazi mbili. Ya pili ni hii." Alimpa ile karafuu ainuse.

Ridhiwani alinusa, akatabasamu. "Pilau."

*

Ofisi ya ulinzi ilikuwa nyuma ya dobi, chumba kisicho na dirisha. Scholastika alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono kaipandanisha kifuani, na Severa aliona kwa nini. Sare yake ya bluu ilikuwa imelowa maziwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Magomeni, afande, kwa dada. Ana miezi minne." Alikuwa mtu wa Masasi, sauti ndogo, hatazami mtu machoni. "Huwa nakimbia saa ya chakula cha mchana nakwenda kumnyonyesha. Leo sijui kama wataniachia."

"Nieleze ulivyoingia."

"Kengele ikilia utaratibu ni kila mhudumu apite vyumba vyake aone kama kuna mtu kabaki. Nilikuta umefungwa. Nikagonga, nikafungua kwa kadi, nikaita, nikaangalia na bafuni, nikatoka. Basi."

"Wale kina mama asubuhi wamekula nini?"

Scholastika alisema, "Walipelekewa mayai na soseji."

"Hayo walipelekewa. Mimi nauliza walichokula."

Macho ya binti yalikwenda kwa Ridhiwani, yakarudi sakafuni. Severa alimwomba Ridhiwani akatafute maji ya kunywa, na asiharakishe. Mlango ulipofungwa alivuta kiti.

"Nikisema nafukuzwa kazi," alisema Scholastika.

"Usiposema unalala ndani hadi Jumatatu."

"Kulala ndani kuna kutoka, afande. Wakijua sikuiba watanirudisha kazini. Hili lingine halina kurudi. Mwaka huu wameshafukuza wawili, na wale walikula keki iliyobaki tu."

"Dada, anayetoka mahabusu kwa kesi ya dhahabu harudishwi kazini hotelini. Hata akishinda. Mtoto wa miezi minne utamwambia nini Jumapili?"

Kisha Scholastika alianza kusema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

Jana jioni Bi Mwanamkuu alimwita pembeni. Bibi harusi hali chakula cha hoteli, kinamkaa kooni, na kesho ana siku ndefu. Wamepanga kuletewa pilau kutoka nyumbani. Lakini Mama Ismail kalipia chakula chote, akisikia kuna sufuria limetoka Kariakoo atasema wamemdharau. Na hoteli yenyewe hairuhusu chakula cha nje. Asubuhi na mapema Scholastika alishuka geti la nyuma, akakutana na mama mmoja mwembamba, akapokea hotipoti mbili kubwa, akazilaza chini ya mashuka kwenye toroli lake na kuzipandisha.

"Na wewe wakakupa nini?"

"Sahani moja."

"Ukala?"

"Nilikula. Kwenye stoo ya mashuka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwa ya nyama, na kachumbari."

"Ulipoingia kukagua, hotipoti zilikuwepo?"

Scholastika alifikiri. Ndipo kwa mara ya kwanza alimtazama Severa. "Hazikuwepo. Nilifurahi, nikajua wamezificha vizuri."

"Zilikuwaje?"

"Za maua, mfuniko wa dhahabu. Kitakoni zimepakwa rangi ya kucha, ya bluu. Alama mbili mbili."

Ridhiwani alikuwa amesharudi na maji, kasimama mlangoni. Hakungoja aulizwe. "Mama Anuari," alisema. "Mtaa wa Mchikichi. Kila mwenye kukodisha vyombo Kariakoo ana rangi yake ya kucha ili kwenye shughuli visichanganyike. Bluu ni ya Mama Anuari, na hakuna anayethubutu kuiga."

*

Walichukua bajaji hadi Mnazi Mmoja, wakamalizia kwa miguu. Adhana ya kwanza ya Ijumaa ilikuwa imeshatolewa na Kariakoo ilikuwa inajibana kupisha njia: wenye mikokoteni wanatukana kwa upole, wenye maduka wanashusha milango nusu, wanaume wenye kanzu wanaruka madimbwi ya maji ya mabarafu. Nyumba ya Mama Anuari ilibanwa katikati ya maghorofa mawili, nyumba ya Kiswahili ya bati yenye baraza pana. Barazani palikuwa na masufuria ya shughuli yaliyopandana hadi dirishani, na mbele ya masufuria, Mama Anuari na majirani watatu.

"Ridhi," alisema Mama Anuari kabla hawajafika. "Umekuwa askari kweli, au mama yako anatudanganya?"

"Kweli, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu ndiye mchumba?"

"Huyu ni bosi wangu."

"Mabosi nao wanaolewa." Alimpisha Severa mkekani. "Karibu, mwanangu. Mmekuja kwa ajili ya moto wa Marikani?"

"Moto haukuwepo, mama."

"Basi mniambie, maana mimi nimeukimbia."

Severa aliomba waongee ndani. Majirani walihuzunika waziwazi. Chumbani Mama Anuari alikaa juu ya kreti la soda na kueleza bila kuulizwa mara mbili.

Asubuhi alikuwa amekabidhi pilau, akabaki pale nyuma ya hoteli kuzungumza na muuza kahawa, mtu wa Kilwa kama yeye. Kengele ikalia. "Watu wanashuka. Mmoja kavaa taulo, mzungu kakumbatia kompyuta. Mimi napanda. Hotipoti zangu zimetoka Maskati, mwanangu, hizo hazizimwi na zimamoto. Nafika, mlango wazi, chumba kitupu, hakuna hata wa kumsalimia. Nikachukua zangu, nikazifunga kwenye kitenge. Na mlango nikawafungia, maana hoteli zina wezi."

Severa na Ridhiwani hawakutazamana.

"Ukashukia wapi?"

"Nyuma, njia yangu ile ile. Mbele kuna yule mlinzi anayenusa mikoba ya watu."

"Umeshazifungua?"

"Moja nimeosha. Ya pili ina kitu ndani, nilisikia kinacheza. Nikajua Mwanamkuu kaniwekea haluwa. Si heshima kumrudishia mwenzio chombo kikavu, hata ukiwa na harusi ndani. Nimeiweka, nitaifungua baada ya swala, wajukuu wakirudi."

"Tuifungue sasa hivi, mama."

"Haluwa yangu na polisi?"

Lakini aliileta. Severa alimwita jirani mmoja awe shahidi, akamwambia Ridhiwani ashike simu apige picha kuanzia mfuniko. Ndani ya hotipoti, iliyofutwa vizuri, kulikuwa na kitambaa cheupe cha mezani cha Marikani kilichofungwa fundo. Severa alifungua fundo. Mkufu, bangili, hereni. Hakuna kilichopungua kwa yale aliyoambiwa.

Mama Anuari alirudi kwenye kreti lake. "Hii ya ukoo wa Mama Ismail," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ningewafungulia watoto mbele yao. Wangeichezea uani."

"Kwa nini aliiweka humu?"

"Angeiweka wapi? Sisi dhahabu tunaitia kwenye debe la mchele. Hapo hoteli hana debe. Sefu ina namba, ukisahau unamwita nani? Huyo huyo wa hoteli." Alifikiri kidogo. "Karudi, hakuikuta hotipoti. Akajua kabeba yule msichana aliyezipokea kwangu getini. Mimi hakunidhania, kwake mimi niliondoka zamani."

"Angeweza kukupigia simu akuulize."

"Aniulize nini? Kwamba kapeleka pilau juu ya chakula cha Mama Ismail na dhahabu kaitia kwenye hotipoti? Ananijua mdomo wangu, mwanangu. Hapa tulipo Mchikichi yote wanajua kengele imelia."

"Mama," alisema Ridhiwani, "hili la dhahabu lisitoke leo. Ngoja harusi ipite."

"Inapita lini?"

"Kesho."

"Kesho asubuhi au kesho jioni?"

*

Waliporudi Marikani swala ilikuwa imekwisha na gari la Mama Ismail lilikuwa mlangoni. Severa hakumfuata yeye. Alimwita Bi Mwanamkuu bafuni, penye sinki la marumaru na mabomba ya shaba, akafunga mlango.

"Dhahabu ninayo, bi. Ilikuwa Mchikichi, ndani ya hotipoti."

Bi Mwanamkuu alishika sinki. Midomo ilimcheza kwa alhamdulillahi isiyo na sauti. Kisha akanyoosha mkono.

"Bado," alisema Severa. "Nikiiweka mezani hivi hivi, meneja atasema yule binti kaogopa, kairudisha. Atamfukuza, na jina la mwizi litamfuata kila hoteli mjini humu. Anatoka akiwa safi kwa njia moja tu: wewe useme dhahabu uliiweka wapi."

"Mama Ismail yuko hapo chumbani."

"Najua."

"Kalipa kila kitu, mwanangu. Hata maua. Nikisema tulipika kwetu, nimesema chakula chake hakiliki. Badria anakwenda kuishi na mama huyo nyumba moja."

"Scholastika ana mtoto wa miezi minne. Tangu asubuhi hajanyonya."

Maji yalidondoka bombani.

"Kakwambia yeye ndiye aliyezipandisha?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Baada ya kubanwa sana. Meneja akilijua hilo, kazi hana. Vivyo hivyo ile sahani."

"Sahani nilimlazimisha. Nilimwona kifua kimemjaa, nikamwambia anayenyonyesha hakatai chakula." Alikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea, akajitengeneza ushungi polepole, upande wa kulia, upande wa kushoto. "Nilimpa kwa mkono wangu, halafu kwa mdomo wangu huu huu nikasema ni yeye. Haya. Chukua karatasi yako."

Chumbani watu walikuwa wamesimama. Mama Ismail alikuwa mwanamke mrefu, baibui la hariri, miwani mikononi. Bwana Pius alikuwa kando yake na kitambaa chake. Ridhiwani alisimama mlangoni. Severa alifungua fundo mezani, na dhahabu ikalala wazi kando ya soseji zilizopoa. Badria alianza kulia upya.

"Imetoka wapi?" aliuliza Mama Ismail.

"Bi Mwanamkuu ataeleza. Nitaandika anavyosema."

Bi Mwanamkuu alieleza akiwa amesimama, sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa ya msiba. Pilau. Hotipoti. Sefu asiyoiamini. Kengele. Mama Anuari na vyombo vyake vya Maskati. Alimtazama Mama Ismail muda wote.

Mama Ismail alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua bangili moja moja, akaziangalia kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo chakula changu hakikufaa."

"Kilifaa. Mtoto ndiye hakikumpita kooni. Kosa ni langu, si la Badria."

"Tutaongea baada ya harusi," alisema Mama Ismail, na wanawake wote wanane walijua kwamba mazungumzo hayo yangefanyika, na yangekuwa marefu. Alimgeukia Badria, akamshika kidevu. "Nawa uso. Liwa imepasuka."

Bwana Pius alikohoa. "Afande, kuna suala la hoteli. Hotipoti mbili zimeingiaje hadi ghorofa ya pili? Walinzi wangu wanakagua."

"Nilizibeba mimi," alisema Bi Mwanamkuu. "Chini ya baibui."

"Mbili?"

"Nitazame vizuri, mwanangu. Nafasi ninayo."

Mmoja wa mabinti alicheka kwa pua. Bwana Pius alitazama, akaona haya, akatazama dirishani.

"Na mhudumu wetu?" alisema. "Scholastika alikuwa zamu. Kama aliona chakula na hakutoa taarifa, ni kosa. Na kama alikula ni kosa kubwa zaidi."

Peni ya Severa ilisimama. Hakuinua uso.

"Yule binti aliingia kubadilisha taulo," alisema Bi Mwanamkuu. "Hotipoti nilikuwa nimezikalia mbele, dera limezifunika, hakuona kitu. Nikamwambia karibu tule kidogo. Akasema, bi, sisi haturuhusiwi. Akachukua taulo zake, akatoka. Wasichana wa hivyo mnawapata wapi, Bwana Pius, nami nitafute mmoja?"

Kwenye mlango Ridhiwani alianza kusoma kwa makini tangazo la hoteli la njia za kutokea wakati wa moto.

"Rudia hapo, bi," alisema Severa. "Nisije nikakosea."

"Nilimkaribisha, akakataa."

Severa aliandika. Alimaliza mstari, akaanza kumsomea maelezo yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka, tangu pilau ilipotoka Mchikichi hadi taulo zilipobadilishwa. Alipofika mwisho alisoma na yale maneno ambayo kila mtoa maelezo huyasikia kabla ya kutia saini: kwamba amesomewa, ameelewa, na yote ni kweli tupu.

"Ni kweli tupu," alisema Bi Mwanamkuu. Alichukua peni, akatia saini.

"Koplo," alisema Severa, "kamfungulie Scholastika. Mwambie bajaji iko nje, imeshaambiwa Magomeni."

Kisha akaivuta karatasi, na chini ya saini ya Bi Mwanamkuu akatia ya kwake.